Betri Nusu, Reli Nzima

Umeme ulikatika jioni, chaja ikiwa ndiyo kwanza imeshika kazi, na kulipokucha ulikuwa bado haujarudi. Mzee Taruma aliichomoa betri, akaitia ndani ya kamera, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Juu pembeni ya kioo cha nyuma, kialama cha betri kilionyesha nusu. Na hiyo nusu yenyewe hakuiamini, maana betri ilikuwa imezeeka, na ilikuwa na tabia ya kuonyesha nusu kisha kuzima ghafla, kama mtu anayesinzia katikati ya mazungumzo.

"Imejaa?" mkewe aliuliza kutoka kitandani.

"Imejaa kiasi."

"Kiasi ndiyo nini, baba watoto?"

"Nusu."

Mkewe akaitazama kamera, kisha mguu wake. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta tangu alipoteleza uani akianua nguo, na sasa ulikuwa umelazwa juu ya mito kama mgeni wa heshima. Isingekuwa mguu ule, leo angekuwa wa kwanza kufika stesheni. Mtoto wao wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda hadi leo ingawa alikuwa mwanamke mzima mwenye nyumba yake, asubuhi hiyo alikuwa anaendesha treni ya abiria akiwa dereva mkuu, kwa mara ya kwanza. Miaka yote alikuwa msaidizi, anayeketi upande wa pili akisoma ishara na kumwitikia mwenzake. Leo kiti kilikuwa chake. Na katika reli ile, hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia kabla yake.

"Sikiliza," mkewe alisema, akijiinua kwa viwiko. "Nataka nimwone akipanda. Nimwone akiendesha. Nimwone akishuka kule mwisho. Mengine piga utakavyo, lakini hayo usije ukaniletea kwa mdomo."

"Utayaona."

"Kwa nusu?"

"Utayaona, mama."

Siku zile simu nyingi zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Kamera ile, ndogo kama mche wa sabuni uliokwisha kutumika, Kitinda ndiye aliyewanunulia wazazi wake kutoka kwenye mshahara wake wa kwanza. Mzee Taruma aliipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Aliitunza ndani ya soksi safi.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa reli. Alistaafu akiwa kiongozi wa genge, wale watu wanaotembea kando ya njia na sululu na nyundo, wakikaza vyuma na kubadilisha mataruma, yaani yale magogo yanayolala chini ya reli. Jina lake lilitokana na hayo magogo. Alikuwa ameyabeba mengi mno hata mabega yake yakachukua umbo la mlango.

Alivaa koti lake jeusi, akavuka uchochoro, akagonga kwa Mama Picha.

Mama Picha alikuwa jirani aliyepiga picha za harusi na mahafali mtaa mzima. Alifungua mlango akiwa na mswaki mdomoni. Mzee alipomweleza, aliichukua kamera, akafungua kifuniko cha chini, akatazama betri, akatikisa kichwa.

"Yangu haiingii humu, mzee wangu. Yangu ni pana. Na umeme hata mimi sina." Alikwenda kusukutua, akarudi akijifuta mdomo. "Lakini nusu si haba. Watu wanaua betri wenyewe halafu wanamlaumu fundi. Njoo hapa kwenye mwanga."

Alibonyeza kitufe fulani mara kadhaa hadi kioo cha nyuma kikawa cheusi tii.

"Hiki kioo ndicho mlaji mkubwa. Kizime. Tumia hiki kitundu cha juu, chungulia kwa jicho kama wazee wetu walivyofanya. Flashi nayo nimeifunga, kuna jua la kutosha. Usivute picha karibu na kurudisha mbali, sogea wewe kwa miguu yako. Halafu kila ukiwasha, lenzi inatoka nje, na kutoka kwake ni kula. Kwa hiyo usiwashe ukazima ukawasha kwa wasiwasi. Ngoja mpaka jambo liwe tayari, washa, piga, zima."

"Na hiki kitufe cha kupigia?"

"Usikae umekishikilia nusu nusu. Ukikigusa tu, inaanza kuhangaika kutafuta umbali. Gusa, bonyeza, basi." Akamkabidhi kamera, lakini hakuiachia mara moja. "La mwisho ndilo gumu. Usiangalie picha ulizopiga. Hata moja. Kila ukiangalia, unakunywa kilichomo."

"Nitajuaje kama zimetoka?"

"Hutajua."

Mzee Taruma alicheka kidogo, kicheko cha puani. Genge lake lilikuwa likikaza reli, na treni ndiyo iliyokuja kusema kama wamekaza vizuri. Alikwisha kuzoea kungoja majibu.

Stesheni alimkuta shemeji yake, mdogo wa mkewe, amekwisha kushika nafasi mbili kwenye behewa la mbele, upande wa kushoto kama alivyoagizwa. Shemeji alikuwa fundi cherehani mwenye maneno yasiyoisha. Ungempa uzi angekushonea hadithi. Alikuwa amevaa suti aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo.

"Kamera iko wapi, shemeji? Nipige kwanza na hii suti."

"Suti yako itasubiri."

Kitinda alitokea kwenye ofisi ya madereva akiwa na begi begani na kofia kichwani. Alitembea kando ya treni nzima, taratibu, akitazama magurudumu, akiinama kuangalia mabomba ya breki kati ya behewa na behewa, akigonga hapa, akisikiliza pale. Mzee Taruma alimtazama akitembea hivyo. Ule ulikuwa mwendo wa genge. Binti yake alikuwa mdogo, mkono ndani ya mkono wake, alipojifunza kuitazama reli kwa kuinamisha kichwa namna ile.

Alipofika mbele alisimama, akawaona. Hakupunga mkono, alikuwa kazini. Alimwinamia baba yake kichwa tu, na baba akajibu vivyo hivyo. Kisha akashika vyuma vya ngazi ya kichwa cha treni.

Mzee akawasha. Lenzi ikatoka. Akachungulia kitundu, akamwona binti amesimama kwenye ngazi, mguu mmoja juu, akabonyeza. Akazima.

"Tuone, tuone," Shemeji alisema, shingo imerefuka.

"Hatuoni."

"Kwa nini?"

"Tukiona tunakunywa."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyeanza kuumwa, wakapanda.

Treni iliondoka bila kushtua. Mabehewa huwa yanavutana kwa kishindo wakati wa kuondoka, na abiria hujishika, lakini safari hii mama mmoja mzee aliyeketi mbele yao aliangalia nje na kusema, "Kumbe tumeshaondoka?"

Shemeji hakuweza kuvumilia. "Dereva ni mjomba wake huyu hapa," alisema akijigonga kifua, kisha akajisahihisha, "yaani mimi ndiye mjomba wake. Na huyu ndiye baba."

Behewa zima liligeuka. Mwanamume mmoja mwenye gazeti aliuliza kama ni kweli dereva ni mwanamke, na sauti yake haikuwa ya kufurahi sana.

"Ni mwanangu," Mzee Taruma alisema. Alilisema neno hilo kwa namna ambayo mwenye gazeti alilikunja gazeti lake, akalilaza magotini.

Mama mzee alivua viatu, akakunja miguu juu ya kiti. "Basi leo nitalala," alisema. "Wanaume wananiamsha kila stesheni kwa breki zao." Na kweli akalala.

Mzee Taruma hakulala. Aliketi dirishani, kamera mfukoni, masikio yote chini kwenye magurudumu. Njia hii aliijua kama mtu anavyoijua ngazi ya nyumba yake gizani. Hapa reli zina viungo vilivyochakaa, zinagonga. Hapa zimeunganishwa kwa moto, zinateleza. Daraja dogo, daraja kubwa, kisha kile kiwanda cha matofali kisichofanya kazi. Baada ya kiwanda kulikuwa na kona moja ndefu inayopinda kushoto kuzunguka kilima, na abiria wa upande wa kushoto akichungulia dirishani pale, huona kichwa cha treni chote, kinang'aa mbele kama kimekuja kumsalimia. Picha ya mkewe ilikuwa pale na si kwingine. Hakuwa na haja ya kuwasha kamera kujaribu huku na kule.

Magurudumu yalipobadilisha sauti kwenye daraja kubwa, alishusha dirisha. Kiwanda kikapita. Akawasha. Treni ikaanza kupinda, na pole pole kichwa kikajitokeza, rangi yake yote, moshi mwembamba juu, na kwenye dirisha la dereva mkono wa binti yake umeegemea, kiwiko nje, kama ameketi kwenye kibaraza chake mwenyewe. Mzee alisubiri mpaka jua lilipokipiga kichwa ubavuni. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa usalama. Akazima.

"Umempata?" Shemeji alinong'ona.

"Mungu anajua na kamera inajua."

Mbele ya kona, genge la matengenezo lilikuwa limesimama kando ya njia, vifaa chini, kusubiri treni ipite. Mzee aliwatambua kwa mbali. Wengine aliwafundisha kazi yeye. Kwa kawaida mtu wa genge huinua bendera ya kijani na kutazama magurudumu, basi. Leo walikuwa wamevua kofia zao zote na kuzishika vifuani. Honi ya treni ililia, ndefu, ikanyamaza, ikalia fupi. Binti yake alikuwa anawasalimia.

Hii haikuwa kwenye orodha ya mkewe. Mkono wa mzee ulikuwa umeshatoka na kamera kabla hajafikiri. Akawasha, na alipochungulia, jicho likakutana na kitaa kidogo kilichokuwa pembeni ya kitundu: kilikuwa kinawaka njano, onyo la kwamba chaji inapungua. Aliwaza mguu ulio juu ya mito. Aliwaza stesheni ya mwisho iliyokuwa bado mbali, ng'ambo ya nyanda za juu. Halafu wale vijana wake wa zamani wakawa mbele ya dirisha, vichwa wazi juani, na akabonyeza.

Walimwona. Mmoja akapiga kelele jina lake, "Taruma," na wengine wakalidaka, na jina likakimbia kando ya treni mpaka likabaki nyuma. Mzee alipandisha dirisha akajifanya vumbi limemwingia jichoni.

Mchana, njia ilipoanza kupanda kuelekea nyanda za juu, alikwenda msalani. Kamera aliiacha ndani ya koti, koti juu ya kiti. Aliporudi alikuta watu wamesongamana pale alipokuwa ameketi. Shemeji alikuwa katikati, kioo cha kamera kinawaka mikononi mwake kama taa, akipeleka picha mbele na kurudisha nyuma.

"Na hii hapa ni harusi ya kaka yake Kitinda. Mwoneni bibi harusi. Na huyu ni mimi, suti nyingine hiyo."

Abiria walimwona mzee kabla Shemeji hajamwona, wakafungua njia.

Mzee Taruma hakupaza sauti. Aliitwaa kamera taratibu, akaizima. Kabla haijazimika, taa ya pembeni ilikuwa imewaka nyekundu.

"Walitaka kumwona tu," Shemeji alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Nilisema niwaonyeshe ile ya kona. Ilitoka, shemeji. Halafu nikapitiliza."

"Ilitoka?"

"Imetoka vizuri sana."

Mzee alikaa. Hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa imechanganyika na furaha ya kwamba ile ya kona imetoka. "Dada yako anataka amwone akishuka," alisema mwishowe.

Shemeji aliinamisha kichwa. Alikaa ameinama hivyo mpaka mama mzee akaamka kuuliza kama kuna mgonjwa.

Baridi ya nyanda za juu ilikuwa inaingia kwenye nyufa za madirisha. Mzee alifungua kifuniko, akaitoa betri. Vile vibati vyake vya shaba alivisugua kwa ncha ya shati mpaka vikang'aa, akafuta na vile vya ndani ya kamera. Kwenye genge walikuwa na redio ya mkono, na asubuhi za baridi betri zake zilikuwa zinakataa kazi. Mtu alizitia kwapani akanywa chai yake, na baadaye redio iliitika. Aliizungushia betri kitambaa, akaitia ndani kabisa, chini ya shati, ikagusa ngozi.

"Itafufuka?" Shemeji aliuliza.

"Ikipata joto na mapumziko, inaweza kutoa kidogo. Kidogo tu."

Shemeji alivua lile koti la suti mpya, akamfunika nalo shemeji yake kifuani, juu ya koti jeusi. "Uipashe moto," alisema. "Hili lina bitana nzito."

Basi wakaenda hivyo, mzee akiwa amefunikwa kama kuku anayeatamia, na kila aliyepita aliuliza, na Shemeji aliwaeleza kwa ufupi usio wa kawaida yake. Mwenye gazeti alisogea, akaziba ufa wa dirisha kwa kurasa zake.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande treni ilipoingia stesheni ya mwisho. Mzee alisimama mlangoni kabla haijasimama. Aliusikia mguso wa breki, mmoja mrefu, laini, kisha wa pili mdogo wa kumalizia, na behewa likatulia kimya. Kikombe cha chai cha mama mzee, kilichokuwa ukingoni mwa meza, hakikumwagika tone. Mzee Taruma alikuwa amepanda treni maisha yake yote, na hakukumbuka kusimama kuzuri kuliko kule.

Alishuka, akapita katikati ya watu kwa yale mabega yake, Shemeji mbele akisema "njia, njia, baba wa dereva." Akasimama kando ya kichwa cha treni, mahali ambapo hakuhitaji kusogea tena. Hapo ndipo alipoitoa betri kifuani. Ilikuwa na joto kama yai. Akaitumbukiza, akafunga kifuniko, lakini hakuwasha.

Mlango wa dereva ukafunguliwa. Kitinda akatoka kinyumenyume, kama inavyotakiwa, akaanza kushuka ngazi. Mkuu wa stesheni alikuwa akimngoja chini na mkono umenyooshwa. Watu walisema, "Sasa, mzee, sasa," lakini alingoja. Alikuwa anauona mgongo wa sare, na mkewe hakuomba mgongo. Kitinda alikanyaga chini, akampa mkuu wa stesheni mkono, kisha akageuka kumtafuta baba yake.

Akawasha. Lenzi ikatoka kwa uvivu, ikikwaruza. Akabonyeza.

Kamera ilitoa mlio wake mdogo, ikazima hapo hapo, lenzi ikiwa bado nje.

"Baba," Kitinda alisema, akiwa amefika mbele yake. Chini ya macho alikuwa na alama za uchovu, na mikono yake ilinuka chuma na mafuta. "Umeionaje?"

Mzee aliigeukia treni kidogo. "Pale kwenye kona ya kilima," alisema, "mwendo ulikuwa sawa. Na hapa umefunga vizuri."

Binti alitabasamu. Alimjua baba yake. Kwa mtu wa genge hakuna sifa iliyozidi hiyo. Akamshika mkono na kuubana, mbele ya mkuu wa stesheni na watu wote.

Walirudi kesho yake, Kitinda akabaki kusubiri zamu ya kurudisha treni nyingine. Umeme ulikuwa umewaka. Betri ilijazwa mpaka juu, na Mama Picha akaja na waya wa kuunganisha kamera na televisheni. Mke wa mzee alihamishiwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, miwani imesafishwa.

Picha ya kwanza, kile kitundu cha kuchungulia kilikuwa kimemdanganya mzee: kofia ya Kitinda ilikuwa imekatwa juu. "Umemkata utosi," mkewe alisema, "lakini ndiye. Naujua mguu ule." Ya kona ikaja. Aliomba kochi na stuli visogezwe mbele. Aliutazama ule mkono ulioegemea dirishani, kiwiko nje, halafu akasema pole pole, "Mtazame anavyoketi. Kama kwake." Ya genge ilimfanya amgeukie mumewe, akamwekea mkono gotini.

Kisha ikaja ya mwisho. Ilikuwa imeinama kidogo, na nusu ya mkuu wa stesheni haikuwemo. Lakini Kitinda alikuwemo mzima, kuanzia viatu mpaka kofia, amegeuka, macho yamempata anayemtafuta, na uso wake umefunguka. Nyuma yake kile kichwa kikubwa cha treni kilisimama kwa utulivu kama ng'ombe aliyefikishwa zizini.

"Iache hapo," mkewe alisema.

"Kuna nyingine za—"

"Iache hapo hapo, baba watoto. Na mlango uacheni wazi."

Mlango ukaachwa wazi. Majirani waliopita waliitwa, waliokuja wakaketishwa, waliokosa kiti wakasimama ukutani, na kila aliyeingia alielezwa upya na mama mwenyewe, ambaye hakuwa amefika hata stesheni. Alieleza kona, alieleza honi, alieleza jinsi chai isivyomwagika. Mzee Taruma alikaa pembeni na hakumsahihisha mahali popote. Alipoombwa na yeye aseme neno, alisimama, akaweka sawa koti lake jeusi, akasema kwamba ile treni ilifika kwa wakati.